Chupa Tupu ni Mali ya Nani?

Katika mialo ya Kigoma hakuna anayetupa dumu. Dumu la lita 20 lililofika mjini likiwa na mafuta ya kula ya kiwandani huanza maisha ya pili likiwa na mawese, ya tatu likiwa na maji ya nyumbani, na likizeeka hufungwa kwenye wavu likawa boya. Likipasuka kabisa hukatwa, nusu yake ikachotea maji yanayoingia mtumbwini. Kibirizi, Katonga au Ujiji, dumu lina bei yake, na mtoto aliyetumwa nalo akarudi mikono mitupu lazima ajieleze.

Kando ya dumu hilo, mchangani, kimelala kifuko cha sabuni ya unga kilichochanwa pembe moja. Hakuna anayeinama kukiokota. Vyote viwili ni plastiki, vyote viwili vimetoka kwenye viwanda vikubwa, na mikono iliyovishika ni ileile. Kwa hiyo maelezo yaliyozoeleka, kwamba ufukwe umejaa taka kwa sababu watu wa ziwani hawajali, hayatoshi. Watu hao hutunza kila chenye thamani. Kifuko kilikosa thamani papo hapo kilipochanwa, na uamuzi wa kukifanya hivyo haukutolewa mchangani. Ulitolewa mezani, mbali na Kigoma, na watu waliokuwa wakipima bei ya malighafi, kasi ya mashine na nafasi ya kuchapa nembo.

Swali la kidini linaanzia kwenye meza hiyo. Bidhaa ikishauzwa, ikatumika, ikaisha, lile ganda lililobaki ni la nani mbele ya Mungu? Ni la aliyenunua sabuni ya kufulia shati moja, au la aliyeamua kwamba sabuni ya shati moja ivishwe vazi litakalodumu kuliko shati lenyewe?

Kuhusu anayetupa, misikiti ya Ujiji na makanisa ya Kigoma hayana upungufu wa mafundisho. Mtoto wa madrasa hujifunza mapema kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani, na kwamba anayechafua mahali watu wanapochota maji anajitafutia laana. Mkristo husoma katika kitabu cha Mwanzo kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini ili ailime na kuitunza. Mafundisho hayo si maneno matupu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, shirika la CARE na IFEES, taasisi ya Kiislamu ya mazingira yenye makao Uingereza, zilishirikiana na masheikh kuwafundisha wavuvi utunzaji wa bahari kwa msingi wa Kurani. Wavuvi ambao makatazo ya serikali hayakuwa yamewagusa walisikiliza walipoambiwa kwamba matumbawe na samaki ni amana, na kwamba baruti ni khiyana.

Lakini Misali ilikuwa rahisi kwa jambo moja. Aliyerusha baruti alikuwa pale pale kisiwani, ana jina, ana wazee, ana msikiti anaosali Ijumaa. Aliyebuni kifuko cha sabuni hayumo katika safu yoyote ya msikiti wa Ujiji. Khutba haimfikii. Ndiyo maana khutba za mazingira, hata zilizo nzuri, huishia kumwelemea aliyepo.

Na ziwa lenyewe halivumilii mambo kuachwa hivi hivi. Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Duniani ni Baikal pekee linalolizidi. Kati ya maji yote baridi ya juu ya ardhi ambayo hayajaganda, takriban asilimia 17 yamo humo, yakigawanywa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, upande wa Kalemie, na tone linaloingia leo linaweza kukaa karne nyingi kabla ya kutoka. Ukishuka kiasi cha mita 200 hakuna tena hewa ya oksijeni. Samaki, kuanzia dagaa na migebuka inayolisha mkoa mzima hadi mamia ya spishi za samaki wadogo wa miambani ambazo nyingi hazipatikani popote pengine, wanaishi kwenye tabaka la juu pekee. Plastiki ya chupa za maji ni nzito kuliko maji, hivyo chupa ikijaa maji au ikikatika vipande huzama kwenye giza lile lisilo na cha kuiozesha. Plastiki laini ya mifuko huelea, jua na mawimbi yakaivunja vipande vidogo hadi inakuwa saizi ya chakula cha samaki. Katika ziwa jirani, Victoria, watafiti walionunua sangara na sato sokoni Mwanza walithibitisha plastiki tumboni mwa samaki mmoja kati ya watano. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2016. Kaskazini, mto Ruzizi unaoshuka kutoka ziwa Kivu kuja Tanganyika umebeba taka za Bukavu kiasi cha kuziba mitambo ya bwawa la umeme.

Serikali ya Tanzania haikukaa kimya. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006. Rambo, kama watu walivyoiita, ikatoweka mikononi mwa wachuuzi kwa kasi ambayo wachache waliitarajia. Aliyekutwa nayo aliweza kutozwa kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000 au kufungwa hadi siku saba. Lilikuwa jambo jema, na macho ya yeyote aliyeona mitaro ya Mwanga au Gungu mjini Kigoma kabla ya mwaka ule yanashuhudia tofauti.

Hata hivyo kanuni hizo ziliacha mlango. Zilihusu mfuko wa kubebea. Plastiki inayofungashia bidhaa za viwandani, vyakula vilivyosindikwa, dawa, pembejeo za kilimo na vifaa vya ujenzi iliachwa nje ya katazo. Sababu zake zinaeleweka, ila matokeo yake kimaadili ni mazito. Mama anayeuza nyanya anaweza kufungwa kwa rambo moja, huku katoni nzima ya vifuko vya sabuni, shampuu na kahawa ikishuka kwenye treni kihalali na kuvuka ziwa kihalali. Uzito wa hukumu uliangukia upande wenye uwezo mdogo wa kuchagua. Na haikuwa lazima iwe hivyo, maana miaka miwili kabla, tarehe 1 Machi 2017, serikali hiyohiyo ilipiga marufuku pombe za viroba, na watengenezaji wakalazimika kurudi kwenye chupa. Kifungashio cha kampuni kubwa kiligeuka kwa amri moja.

Mafakihi wa Kiislamu walilijadili suala la mzigo na faida muda mrefu kabla ya plastiki. Kutokana na Hadithi ya Mtume walijenga kanuni kwamba faida huandamana na dhamana: anayevuna kutoka kwenye kitu ndiye anayebeba hasara ya kitu hicho. Dola ya Uthmaniya ilipokusanya sheria zake za kiraia kati ya 1869 na 1876, katika kitabu kijulikanacho kama Majalla, kanuni hiyo iliwekwa pale mwanzoni miongoni mwa misingi mikuu, ikaelezwa katika vifungu vya 85 na 87. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinafika hapohapo kwa njia ya mkulima: mtu akichimba shimo akaliacha wazi, ng'ombe wa jirani akatumbukia, anayelipa ni mchimbaji. Hakuna anayeulizwa kwa nini ng'ombe hakuangalia anakokanyaga.

Mwaka 1990 msomi wa Sweden, Thomas Lindhqvist, aliishauri serikali yake kwamba mtengenezaji abaki na wajibu juu ya bidhaa mpaka mwisho wa maisha yake, na mwaka uliofuata Ujerumani ikatunga kanuni za vifungashio zinazoyalazimisha makampuni kuyapokea tena maganda yao. Kenya iliingiza wajibu wa namna hiyo katika Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Wataalamu wa mazingira waliona wamegundua jambo jipya. Sheikh aliyesoma fikihi au padri anayefahamu Torati angewaambia kwamba shimo lile lina wenyewe tangu zamani.

Ugumu unaanza pale kanuni inapotafuta mtu wa kumshika. Kampuni ni nani? Kisheria ni mtu: inamiliki, inashtaki, inashtakiwa. Ila haina moyo wa kutubia wala mwili wa kuingia kaburini. Wanasheria wa Kiingereza walilalamikia jambo hili tangu karne ya 18, kwamba ni vigumu kutegemea dhamiri kwa kiumbe kisichoweza kufungwa wala kuhukumiwa akhera. Ndani yake uamuzi umekatwa vipande. Mbunifu huchora kifuko alichoagizwa, ofisa manunuzi hutafuta bei ya chini, mhasibu hulinda faida, mkurugenzi huwajibika kwa wenye hisa, na mwenye hisa huenda ni mfuko wa pensheni wa walimu ambao hawajawahi kuiona Kigoma. Mwanafalsafa wa siasa Dennis Thompson aliliita hili, mwaka 1980, tatizo la mikono mingi. Kila mkono umeshika kipande chembamba cha kosa, chembamba kiasi kwamba hakimchomi aliyekishika.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa 1987 kuhusu maendeleo, alizungumzia miundo ya dhambi: makosa ya watu binafsi yaliyokusanyika yakawa mfumo unaoendelea kutenda mabaya hata pale ambapo hakuna aliyeamka asubuhi akikusudia ubaya. Papa Fransisko aliurudia uzi huo katika Laudato Si' ya 2015 alipouhusisha utamaduni wa kutupa vitu na utamaduni wa kutupa watu. Februari 2024, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mazingira jijini Nairobi, wanazuoni wa Kiislamu walizindua waraka wao wa mazingira, Al-Mizan. Upande wa Uislamu una ukali wake wa pekee hapa: mbele ya Mwenyezi Mungu kampuni haitasimama kabisa. Watasimama watu, mmoja mmoja. Ule mgawanyo wa vipande unaomlinda mkurugenzi mahakamani haumsaidii siku hiyo, kwa kuwa kila mmoja ataulizwa juu ya kile alichopewa akichunge. Fundisho hili lingepaswa kuhubiriwa kwenye vyumba vya bodi kuliko kwenye mialo.

Wako watakaopinga, na hoja zao zinastahili heshima. Ya kwanza ni kwamba kifungashio huokoa maisha. Kigoma ina ushahidi wake. Uvinza imechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja; wanaakiolojia walichimba kwenye chemchemi zake mwaka 1967 na kukuta masalia ya kale sana. Lakini chumvi pekee haikutosha: nyanda za magharibi zilikuwa zikisumbuliwa na rovu na watoto waliozaliwa na udhaifu wa akili kwa kukosa madini joto, na tiba ikawa kuyaweka madini hayo ndani ya chumvi. Chumvi hiyo ikikaa wazi kwenye unyevu hupoteza madini. Pakiti isiyopitisha unyevu ni sehemu ya dawa, na yeyote anayetaka plastiki yote ife kesho amfikirie kwanza mama mjamzito wa Kasulu.

Ya pili ni kwamba maskini hununua kidogo kidogo. Anayelipwa kwa siku hununua sabuni ya siku. Hiyo ni kweli, ila kwa gramu moja mara nyingi analipa zaidi ya anayenunua kilo, kisha anaachiwa ganda mtaani ambako gari la taka halipiti. Kifuko chenyewe hakiwezi kusindikwa tena kwa urahisi, kwa kuwa ni tabaka kadhaa za plastiki tofauti, wakati mwingine na karatasi ya alumini, zilizogandishwa pamoja zisitengane. Kimebuniwa kwa kila hatua ya safari isipokuwa ya mwisho.

Ya tatu ndiyo ngumu kwa Kigoma: umbali. Chupa ya soda ya kioo, ile inayokaa kwenye kreti na kurudi kiwandani, ni kifungashio chenye maadili mema kuliko vingi. Mnunuzi huacha dhamana, mwenye duka hulipia kreti, na kampuni huitaka chupa yake irudi. Huikuti ikizagaa ufukweni kwa wingi, kwa sababu ileile inayolilinda dumu. Lakini kioo ni kizito, na kutoka Dar es Salaam hadi hapa mwisho wa reli, iliyofika mwaka 1914, ni kama kilomita 1,250. Kuisafirisha chupa nzito kwenda na kurudi umbali huo hula mafuta. Chupa ya plastiki tupu nayo ina shida yake: ukijaza behewa kwa chupa tupu unasafirisha hewa, na bila mashine ya kuzikandamiza nauli hupita bei ya plastiki yenyewe. Kwa hiyo vitu huja Kigoma vimejaa, na maganda hubaki Kigoma. Mji ulio mwisho wa reli unageuka kuwa mwisho wa kila kifungashio.

Jibu la hoja zote tatu liko wazi sokoni Ujiji, ambako mawese hayauzwi kwa kifuko. Hupimwa. Mnunuzi huja na chupa au kidumu chake, muuzaji akapima kwa kipimo alichonacho, kidogo kwa anayetaka kidogo, na fedha ikalipia mafuta matupu. Dagaa nao hupimwa kwa kopo na kuingia kwenye kikapu. Maskini anapata kiasi cha siku yake bila ganda. Makampuni makubwa yanapotangaza majaribio ya vituo vya kujazia sabuni na mafuta, huyaita ubunifu. Soko la Ujiji linaufanya kila asubuhi. Kampuni inayoweza kupeleka sabuni kwenye kila kioski cha Buhigwe inaweza kupeleka pipa la sabuni Kigoma, ikauza kwa kupima kupitia wauza duka walewale, na pipa likarudi na treni. Chumvi ibaki kwenye pakiti yake. Sabuni haina madini ya kupotea.

Kwamba makampuni hayajui athari za vifungashio ni jambo lisiloweza kusemwa tena. Coca-Cola iliagiza uchunguzi wa kulinganisha aina za vifungashio, tangu malighafi hadi taka, mwaka 1969. Mwaka 2018 iliahidi kwamba kufikia 2030 itakusanya chupa au kopo moja kwa kila moja inayouza. Mwaka 2022 ikaongeza kwamba angalau asilimia 25 ya vinywaji vyake vitakuwa kwenye vyombo vya kurudishwa au kujazwa tena. Desemba 2024 ilitoa malengo mapya: ukusanyaji wa asilimia 70 hadi 75 kufikia 2035, na lile lengo la vyombo vya kurudishwa halimo. Unilever, iliyokuwa imeahidi mwaka 2019 kupunguza kwa nusu plastiki yake mpya kufikia 2025, ilishusha lengo mwaka 2024 hadi asilimia 30 kufikia 2026. Mwaka huohuo wa 2024 jarida la Science Advances lilichapisha hesabu ya taka zilizookotwa katika nchi 84: miongoni mwa zile zenye nembo, asilimia 11 zilikuwa za Coca-Cola.

Waswahili wanajua hadhi ya ahadi: ni deni. Anayeshindwa kulipa deni kwa wakati anaweza kuomba muda, na dini zote mbili zinahimiza apewe. Ila muda huombwa kwa mdai. Hapa mdaiwa alijiongezea muda mwenyewe, akajipunguzia kiasi mwenyewe, na wadai, ambao ni pamoja na wavuvi wa ziwa hili, walipata habari kama wasomaji wengine wa magazeti. Ni haki kutambua kwamba kazi yenyewe ni ngumu na kwamba yapo mabadiliko ya kweli. Uamuzi wa mwaka 2022 wa kuitoa Sprite ya Marekani ya Kaskazini kwenye chupa ya kijani na kuiweka kwenye isiyo na rangi uliifanya chupa hiyo iweze kuwa chupa tena. Hata hapo kuna la kuangalia. Kampuni inapojisifu kwamba imepunguza uzito wa chupa, plastiki inayotumika hupungua kweli, lakini muokotaji anayelipwa kwa kilo sasa lazima ainame mara nyingi zaidi kwa fedha ileile. Chupa inakuwa nyepesi kwenye ripoti na inapoteza thamani mchangani.

Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania wa ziwa ili samaki wazaliane. Familia za Kigoma zilibeba njaa ya miezi mitatu kwa ajili ya amana ya wote, kwa makubaliano ya nchi nne. Hakuna kampuni yenye bidhaa kwenye maduka ya ufukwe huo iliyotakiwa kusimamisha chochote.

Chombo cha kuitaka kampuni ifanye hivyo kipo. Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka yake ina makao Bujumbura. Kifungu cha 5 kinazitaka nchi zifuate kanuni ya mchafuzi kulipa: gharama za kuzuia, kudhibiti na kupunguza uchafuzi zibebwe na aliyechafua. Mazungumzo ya mkataba wa plastiki wa dunia yalikwama Busan mwaka 2024 na tena Geneva Agosti 2025, hivyo kwa sasa kifungu hicho ni miongoni mwa maandishi machache yenye nguvu ya sheria ambayo watu wa ufukwe huu wanaweza kuyanyooshea kidole. Mpaka leo kimesomwa kana kwamba mchafuzi ni yule aliye kwenye mtumbwi. Masheikh na maaskofu wa Kigoma, Bujumbura, Uvira na Mpulungu wana elimu ya kukisoma upya, kwa ile hesabu ya shimo na mchimbaji wake, na kuipeleka barua yao ya pamoja Bujumbura pamoja na nakala kwa kila bodi ambayo nembo yake imeokotwa mwaloni.